Mshale Uliposhuka

Wasomaji wangu wamezoea kunikuta nikijadili bajeti ya Serikali, mchakato wa Katiba na hali ya serikali zetu za mitaa. Leo naomba ruhusa niandike juu ya injini. Ni injini ya dizeli ya pikapu aina ya Toyota Hilux ya mwaka 1993, mali ya marehemu baba yangu, ambayo tangu alipofariki ndiyo inayomlisha mama yangu kule Kilosa. Naandika kwa sababu injini hiyo ilinifanya nimhukumu mtu bila haki, tena mtu wa tumbo moja nami, na ilinigharimu wiki saba na shilingi milioni tatu na ushee kulitambua hilo.

Kisa chenyewe ni kifupi. Mwezi Juni mwaka jana mdogo wangu, ambaye ndiye dereva wa gari hilo, alipakia magunia kumi ya mchele kuyapeleka Gairo. Ukitoka Dumila kufuata barabara ya Dodoma, nchi tambarare huisha na barabara huanza kupanda. Katika kupanda huko injini ilipungua nguvu, ikagonga kwa muda usiofika dakika mbili, kisha ikazima. Haikuwaka tena. Mchele ulihamishiwa kwenye lori la watu wengine, kwa bei waliyoitaka wao, na pikapu ikarudishwa Kilosa kwa kuvutwa na kamba.

Jumapili iliyofuata tukakaa kikao cha familia, baba mdogo akiwa mwenyekiti. Swali la kwanza lilikuwa lile ambalo kila mtu angeliuliza: je, dereva aliangalia geji ya temperecha? Mdogo wangu akajibu, "Niliiangalia, baba. Mshale haukupanda. Ulikuwa katikati, baadaye ukashuka." Watu wakacheka. Baba mdogo akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nami, nikiwa mkubwa kwa kuzaliwa na kwa vyeti, nikasema kwa sauti ya darasani kwamba injini haiungui huku mshale ukiwa chini. Kwamba ama hakutazama, ama alitazama akapuuza, na sasa anatafuta maneno. Nilitumia neno "ushahidi" mara mbili au tatu. Kikao kikaamua anyang'anywe ufunguo na alipe shilingi 600,000 kidogo kidogo kama mchango wake katika matengenezo. Alinitazama kwa muda, akasema, "Sawa, kaka." Wiki iliyofuata alianza kuendesha bodaboda ya mtu mwingine, na kila mwisho wa mwezi akawa anamletea mama fedha ile bila kukosa.

Nililipeleka gari Morogoro mjini, mahali ambapo ningeweza kulisimamia. Mpango wangu ulikuwa mmoja: kuitupa injini ya zamani na kununua iliyotumika kutoka Japani. Nilikuwa nimesoma vya kutosha kujiona mjuzi. Injini ya gari letu ni ile iitwayo 3L, ya silinda nne, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,779. Dada yake mdogo, 5L, ina ujazo wa 2,986. Mwendo wa pistoni ni ule ule, milimita 96; tofauti ni kipenyo cha silinda, kilichotoka milimita 96 hadi 99.5, na kwa kuwa ni za ukoo mmoja, moja huweza kukaa mahali pa nyingine bila vurugu kubwa. Niliona ni maboresho yanayojieleza: nguvu zaidi, muda mfupi, na hakuna haja ya kuchimba yaliyopita.

Fundi niliyeelekezwa ni mzee wa miaka sitini na kitu, aliyemaliza darasa la saba akajifunza kazi katika karakana ya shamba la mkonge. Nilimwamkia, nikamweleza mpango wangu. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Mwalimu, marehemu amekufa kwa ugonjwa gani?" Nikasema joto. "Hilo ni jibu la waliokuwa msibani. Mimi naulizia jibu la daktari." Akaeleza kwamba injini iliyotumika nayo ina historia yake, ila historia hiyo haijulikani na mtu yeyote hapa nchini, na kwamba tukiiweka ngeni bila kujua kilichoiua ya kwanza, kilichoiua ya kwanza kitakuwa bado kimo ndani ya gari, kinaisubiri.

Nilikubali ifunguliwe, kwa shingo upande.

Injini ilishushwa kwa mnyororo uliofungwa kwenye boriti mbili za mbao, chini ya mwembe. Kilichofuata kilinishangaza kwa utaratibu wake. Kila boliti iliyofunguliwa iliwekwa kwenye kopo lake lenye namba. Kila pistoni ilipigwa alama ya silinda ilimotoka. Kijana mmoja alipotaka kuosha vipande vyote kwa petroli ili "vipendeze", mzee alimzuia kwa ukali kuliko nilivyomsikia akizungumza siku zote: uchafu haufutwi kabla haujasomwa.

Tulipoinua silinda hedi, yaani kichwa cha injini, tulikuta gasketi imeungua kati ya silinda ya tatu na ya nne. Fundi akalaza rula ya chuma juu ya uso wa hedi, akawa anapenyeza vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, kimoja baada ya kingine. Cha milimita 0.30 kikapita katikati bila kusukumwa. Hedi ilikuwa imepinda, na katikati ya vali mbili palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Hadi hapo hukumu yangu ilikuwa imesimama imara. Injini iliungua, nani alikuwa usukani?

Kisha akaanza kupima silinda. Alikuwa na kipimo chenye uso wa saa ambacho hushushwa ndani ya tundu, na kila silinda aliipima sehemu sita: juu, katikati na chini, kwa upana wa huku na wa kule. Mimi nikawa karani, nikiandika namba kwenye daftari. Chini, silinda zote nne zilikaribia milimita 96.05. Juu, pale ringi za pistoni zinapogeukia, zote zilikuwa zimelika hadi 96.2 na zaidi. Nikasema, hiyo ndiyo hasara ya kuendesha gari ovyo. Mzee akatikisa kichwa. "Hizi nne zimelika sawasawa, mwalimu. Ulaji wa namna hii si wa siku moja. Huu ni wa miaka." Akanionyesha pistoni. Ya tatu na ya nne zilikuwa zimechubuka ubavuni, michubuko mipya inayong'aa; ya kwanza na ya pili hazikuwa na mchubuko. "Na huu ndio wa siku moja. Usiyachanganye mambo mawili ukampa mtu mmoja kesi zote."

Ule ulaji wa miaka ulikuwa na chanzo chake, na tulikipata ndani ya kikombe cha alumini mahali ambapo thamostati inatakiwa kukaa. Hapakuwa na kitu. Msomaji asiye mtu wa magari anisamehe kwa maelezo haya: thamostati ni mlango mdogo unaojifungua wenyewe. Injini ikiwa ya baridi, mlango hufungwa ili maji yasiende kwenye rejeta, injini ipate joto haraka. Joto likifika kiwango chake, mlango hufunguka. Katika nchi yetu imezoeleka fundi kuitoa na kuitupa, kwa hoja kwamba sisi ni watu wa joto, ya nini kuzuia maji? Gari hufanya kazi, tena mshale hukaa chini vizuri kabisa, na mwenye gari hulipa akishukuru. Lakini injini ya dizeli inayofanya kazi ikiwa ya baridi kila siku hailichomi vizuri lile tone la dizeli. Lisiloungua huteremka kwenye kuta za silinda, huosha oili, na chuma husuguana na chuma. Gereji moja, miaka mingi nyuma, wakati baba akiwa hai, ilifanya hivyo kwenye gari letu. Nilikumbuka jinsi baba alivyolisifu gari baada ya matengenezo yale: "Haipandi joto hata kidogo."

Nikamuuliza mzee swali ambalo sasa lilikuwa limeanza kunikera. Dereva alidai mshale haukupanda. Inawezekana?

Hakujibu kwa maneno. Aliniita nisogee kwenye hedi iliyokuwa mezani, akaweka kidole kwenye kitufe kidogo cha shaba kilichofungwa mahali maji yanapotokea kwenda kwenye rejeta. Hicho ndicho kinachoupa mshale habari. "Hiki kinapima nini?" Nikasema, joto la injini. "Hapana. Kinapima joto la maji yanayokigusa. Maji yakiwapo kinasema kweli. Maji yakiisha kinabaki hewani, na hewa haiwezi kukipasha kama maji yanavyokipasha. Mshale unashuka." Akachukua mpira mdogo unaopita nyuma ya injini, ule usioonekana mpaka uinamishe kichwa karibu na ukuta wa kabini. Ulikuwa mgumu kama ganda la mkwaju, na upande wa chini ulipasuka kwa urefu wa kidole. Maji yote ya gari lile yalitokea pale, nyuma, chini, mahali ambapo dereva aliye katika mwendo hawezi kuona mvuke wala tone. "Aliyekwambia mshale ulikuwa katikati kisha ukashuka, alikuwa anautazama. Asiyeutazama angekwambia ulipanda. Hivyo ndivyo kila mtu angebuni."

Nilikaa kwenye tairi lililokuwa pale chini. Nakumbuka kijana mmoja aliniletea kahawa nikaishika hadi ikapoa.

Nimefundisha mbinu za utafiti kwa zaidi ya miaka kumi. Nawaambia wanafunzi kila mwaka kwamba kipimo na kinachopimwa ni vitu viwili. Na katika kikao kile, kati ya chombo na mtu, nilikiamini chombo ambacho hata sikujua kimefungwa wapi.

Halikuwa kosa langu la kwanza la aina hiyo, na hili ndilo lililonikosesha usingizi. Nilipokuwa nakusanya data za shahada ya uzamivu nilitaka kujua kiwango cha ushiriki wa wananchi katika uongozi wa vijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau mara moja kila miezi mitatu. Mimi nilihesabu mihtasari iliyowasilishwa halmashauri. Kijiji chenye mihtasari minne kwa mwaka nilikiandika kuwa hai. Katika kijiji kimojawapo mama mmoja mtu mzima aliniambia, akichambua mboga, kwamba mihtasari ipo ila mikutano haipo. Mtendaji huiandika jioni moja, mahudhurio na yote. Nilimshukuru. Maneno yake niliyaweka kwenye sura ya mitazamo ya wahojiwa, ukurasa ambao hakuna mtahini aliyeuuliza swali. Majedwali ya mihtasari yakabaki kuwa matokeo. Shahada ninayo, na majedwali yale bado yananukuliwa.

Wasomaji wangu walio watumishi wa umma wataujua mshale wao wenyewe. Nitataja mmoja tu. Kila mwaka, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu akitoa ripoti, halmashauri zetu husherehekea hati safi. Hati safi ni jambo jema, lakini husema tu kwamba hesabu zimeandaliwa inavyostahili. Haisemi kwamba zahanati ina dawa wala kwamba kisima kinatoa maji. Ndiyo maana Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008 ikaweka pia ukaguzi wa ufanisi, kama kipimo cha pili kilichofungwa mahali pengine. Hata hivyo sijawahi kuona keki ikikatwa kwa ajili ya ukaguzi wa ufanisi. Na mwananchi anayesimama mkutanoni kusema kisima kimekauka hujibiwa kwa takwimu za mradi, kama nilivyomjibu mdogo wangu.

Turudi gereji. Suala la injini ya kutoka Japani lilikwisha lenyewe. Bloku ilikuwa nzima, nami sikuwa tena na haraka. Silinda zilichongwa hadi milimita 96.50 na pistoni za ukubwa huo zikanunuliwa. Kwa hesabu yangu hatua hiyo iliongeza ujazo hadi takriban 2,808, yaani asilimia moja, nikamwambia mzee kwamba tayari tumeboresha injini, akacheka kwa mara ya kwanza. Krenki ilisuguliwa hatua moja na beringi mpya zikawekwa. Kabla ya kukaza moja kwa moja, alilaza uzi laini wa plastiki juu ya chuma, akakaza, akafungua, akapima ule uzi ulivyotandikwa. Upana wake humwambia ni nafasi gani oili itapata. Pistoni nne alizipeleka kwenye mizani ya duka la jirani. Moja ilizidi wenzake gramu tisa. Muuza spea aligoma kuibadili, akasema hakuna anayepima pistoni. Mzee alikaa kwenye benchi la duka lile tangu saa nne hadi saa saba, bila kugombana, akiwasalimia wateja wote na kuwaeleza kwa upole anachosubiri. Ikabadilishwa. Hedi yenye ufa hatukuiunga; tulinunua nyingine, na hapo ndipo sehemu kubwa ya fedha ilipokwenda.

Vijana wa gereji walinishauri tuongeze turbo. Ushauri wao haukuwa wa kipuuzi, kwani gari lingepanda Gairo kwa kasi ya basi. Lakini injini hii tayari inasindika hewa zaidi ya mara 20, na iliundwa bila kutarajia hewa ya kushindiliwa. Joto la ziada huenda moja kwa moja kwenye sehemu zile zile zilizopasuka. Mzee alisema turbo ni haki ya mwenye mfuko wa kununua hedi kila baada ya miaka miwili.

Maboresho tuliyoyafanya hayasikiki kwenye muungurumo. Thamostati ilirudi mahali pake. Rejeta ya safu mbili ikabadilishwa kwa ya safu tatu. Maji ya kisima yaliyokuwa yamejaza kutu kila kona yakaachwa, tukatumia maji ya rejeta yenye dawa. Kabla ya chujio la dizeli likafungwa jingine la kutenganisha maji, maana dizeli ya madumu tunaijua. Mipira yote ikawa mipya, pamoja na ule wa nyuma.

Kulikuwa na jambo moja zaidi, nami sikutaka liamuliwe bila mdogo wangu. Nilimpigia simu nikamwomba aje Morogoro. Alikuja na basi la asubuhi, akamwamkia fundi, akanisalimia mimi kwa ufupi. Sikumweleza chochote. Nilimwomba mzee arudie yote aliyonionyesha: kitufe cha shaba, mpira uliopasuka, pistoni mbili zilizochubuka na mbili ambazo hazikuchubuka. Mdogo wangu aliuchukua ule mpira akaugeuzageuza kwa muda mrefu. Nikasema, mbele ya vijana wote wa gereji, kwamba nilikosea, kwamba nilimwita mwongo mbele ya ukoo na kwamba nitayarudia maneno haya mbele ya ukoo ule ule. Nilikuwa nimeandaa na mengine, yakakwama. Alisema, "Kaka, mimi nilishaanza kujiuliza kama kweli niliuona ule mshale."

Mzee alikuwa na kihisi kingine kinachofungwa kwenye boliti ya hedi yenyewe, kikapima joto la chuma badala ya joto la maji, pamoja na kengele inayolia maji yakipungua kwenye rejeta. Akamuuliza mdogo wangu, bila kunitazama, kengele ikae wapi. Mimi ningeiweka kwenye dashibodi, karibu na geji. Yeye akasema hapana, mlimani ukiwa na mzigo, dirisha wazi, hutasikia. Iwekwe nyuma ya kiti, usawa wa sikio la dereva. Ikawekwa hapo.

Gari lilitembea kilomita 1,000 za kwanza bila mzigo mzito, oili ikamwagwa na kuwekwa mpya. Kikao cha familia kilikaa tena. Baba mdogo alisema ya kale hayanuki, ila ufunguo aliutoa mwenyewe mfukoni akaukabidhi. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kulipa shilingi 420,000. Nilimrudishia zote. Alizihesabu mbele yangu, mara mbili, jambo ambalo zamani asingelifanya, nami sikuona kosa.

Mwezi uliopita nilipanda naye kwenda Gairo, magunia kumi nyuma. Kabla ya kuanza mlima alisimamisha gari, akafungua boneti, akapitisha mgongo wa mkono kwenye mipira mmoja baada ya mwingine, akainamisha kichwa hadi nyuma kabisa ya injini. Niliporudi kukaa, mguu wangu uligusa kitu chini ya kiti. Kilikuwa kipande cha mpira mpya, cha urefu ule ule wa mpira wa nyuma, kimefungwa kwa kamba pamoja na klipu zake mbili na dumu la maji la lita tano.

"Huo niliununua kwa zile hela," alisema, akawasha gari.